Alibarikiwa, na Bado Akachechemea

Andiko la kusoma: Mwanzo 32:22–32, Ayubu 7:1–4, Yakobo 5:13–16



Jumapili iliyopita, kabla sijafungua Biblia, niliwauliza swali moja: ni nani kati yetu aliamshwa usiku ule na maumivu ya goti, nyonga, mgongo, bega au vidole? Nilitarajia mikono sita saba hivi, ya wazee wetu wa viti vya mbele. Lakini mikono iliinuka kila safu. Akina mama wa maua waliinua. Kijana wa mjengo aliinua. Dada mmoja aliinua mkono nusu, akaangalia huku na huku, akaushusha. Huo mkono ulioshushwa ndio umenifanya niandike ujumbe huu wote badala ya muhtasari mfupi kama kawaida.

Kwa nini mtu aone haya kusema kanisani kwamba maumivu hayamwachi alale? Wapendwa, sehemu ya jibu ni mimi.

USHUHUDA NILIOULAZIMISHA

Kuna mama mmoja wetu ambaye ameniruhusu nisimulie haya mradi nisimtaje jina. Amefanya kazi ya maua kwa miaka mingi, upande wa kugredi: kusimama tangu asubuhi, mikono kwenye maji baridi, kukata, kufunga, kupeleka kwenye chumba cha baridi. Vidole vyake vilianza kuvimba, mikono yote miwili kwa pamoja, kisha magoti yakafuata. Asubuhi ilikuwa inapita saa nzima kabla vidole havijakubali kufunga kifungo cha blauzi. Usiku ndio ulikuwa mbaya kabisa. Alikuwa ameanza kliniki, akapewa dawa na tarehe ya kurudi.

Basi tukawa na kesha ya Ijumaa, na mimi ndiye nilikuwa zamu ya kuhubiri. Nilikuwa bado mgeni katika huduma, nina moto, nataka kuona mambo. Saa nane usiku nikawaita mbele wenye maumivu ya viungo. Yeye akaja. Nikaomba, kisha nikamwambia, "Mama, ruka kwa jina la Yesu!" Akaruka. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Nikampa maikrofoni, akasema amepona. Na mimi, bila hata kufikiri, nikasema neno ambalo leo natamani ningeweza kulimeza: kwamba aliyeponywa harudi kwa dawa, maana kurudi kwa dawa ni kumwita Mungu mwongo.

Miezi minne baadaye mama huyu alikosa ibada Jumapili tatu mfululizo. Nikaenda kumwona. Nilimkuta kitandani mchana, vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda upande. Nikamuuliza, "Mama, si ulipona?"

Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Pasta, mwanangu, siku ile niliruka kwa sababu yako. Ulikuwa umeombea watu wengi na hakuna aliyesema amepona. Nikaona utaaibika. Wewe ni kama mtoto wangu, singekuacha hivyo."

Nikamuuliza, "Na dawa?"

Akasema, "Si ulisema?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, boda zote zikinipita.

Mnajua kwamba nilisomea biashara kabla ya kuitwa. Kitu cha kwanza tulichofundishwa kuhusu vitabu vya hesabu ni kwamba huandiki mapato ambayo hujayapata. Duka linaloandika mauzo hewa litaonekana linanawiri, hadi siku mwenye nyumba anapodai kodi. Usiku ule wa kesha niliandika mapato hewa kwa jina la Yesu, na aliyelipa deni si mimi, ni mikono ya mama huyu. Tulirudi naye kliniki. Tuliambiwa kwamba ugonjwa wake ni baridi yabisi, kwamba dawa zinaweza kuzuia uharibifu mpya, lakini kilichokwisha kupinda hakitajinyoosha chenyewe.

Nimemwomba msamaha yeye, nimemweleza Mchungaji wetu kiongozi, na Jumapili niliwaomba ninyi. Naandika hapa ili hata asiyekuwepo asome.

USIKU WA YAKOBO

Sasa tuje kwa Neno. Mwanzo 32 ni habari ya usiku, na ni habari ya kiungo. Yakobo amesikia kwamba Esau anakuja na watu 400. Amevusha familia yake na mali yake ng'ambo ya Yaboki, akabaki peke yake. Na huko peke yake gizani, akashindana na mtu mpaka alfajiri. Katika mapambano hayo nyonga yake ikaguswa, ikateguka. Hakumwachia yule mtu mpaka abarikiwe. Akabarikiwa, akapewa jina jipya. Na Biblia inatuambia kwamba jua lilipomchomoza alikuwa anachechemea.

Nimeisoma sura hii tangu shule ya Jumapili, lakini ni baada ya habari ya mama yetu ndipo niliona mambo matatu.

La kwanza, baraka na kuchechemea vilifika asubuhi moja, katika mwili mmoja. Yakobo hakuondoka Penieli akiwa amebarikiwa nusu kwa sababu nyonga ilikuwa inauma. Kama angepita kwenye mlango wetu asubuhi ile, sijui tungemwambiaje. Huenda tungemwambia, "Ndugu, kuna dhambi umeficha." Huenda tungempangia siku tatu za kufunga. Na hali yeye ametoka kumwona Mungu uso kwa uso!

Nielewe vizuri. Sisemi kwamba kila goti linalouma limeguswa na mjumbe wa Mungu. La kwako huenda limeguswa na miaka ishirini ya kusimama kwenye sakafu ya saruji. Ninachosema ni kwamba maumivu hayawezi kutumiwa kama kipimo cha imani. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa nani alikosea, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe (Yohana 9:1–3). Sisi bado tunaliuliza kila wiki.

La pili, Yakobo alibarikiwa aliposema ukweli. Angalia mstari wa 27. Aliulizwa jina lake. Kwa nini aulizwe? Si ajabu mtu ashindane na wewe usiku kucha halafu ndipo akuulize jina? Lakini rudi Mwanzo 27. Mara ile Yakobo alipotaka baraka kutoka kwa Isaka, baba yake aliyekuwa haoni alimuuliza yeye ni nani, naye akajibu kwamba ni Esau. Alipata baraka kwa jina la mtu mwingine, na ikamkimbiza nyumbani miaka ishirini. Sasa anaulizwa tena, gizani tena, na safari hii anajibu kwamba yeye ni Yakobo. Hapo ndipo anapobarikiwa.

Wapendwa, kuna baraka ambayo haiji mpaka useme jina lako halisi. Ukija madhabahuni ukasema, "Mimi ni mzima," na usiku unalia, umekuja na jina la Esau. Sema, "Bwana, mimi ni yule ambaye halali. Mimi ni yule ambaye goti limemshinda." Hiyo si kukiri kushindwa. Ni kuacha kuigiza.

La tatu, Hosea anatuambia kwamba Yakobo alilia katika mapambano yale (Hosea 12:4). Mwanamume, baba wa watoto wengi, tajiri wa mifugo, alilia usiku. Na miaka mingi baadaye, Waebrania 11:21 inamwonyesha mzee Yakobo akiabudu huku ameegemea fimbo yake. Andiko halisemi kama ni kwa sababu ya nyonga ile. Lakini hakuna mahali linaposema kuchechemea kuliisha, na hakuna mahali linaposema ibada iliisha.

LETE KIHOTO CHAKO

Tunaishi mahali penye jina zuri. Wanaojua Kikuyu wanajua kwamba kihoto ni hoja ya haki, ile sababu mtu anayoileta mbele ya wazee asikilizwe. Sasa soma Ayubu. Katika sura ya 7 anasema akilala anajiuliza ataamka lini, usiku ni mrefu, anageuka huku na huku mpaka kuche. Sura ya 30 anasema usiku mifupa inachomwa ndani yake na maumivu yanayomtafuna hayapumziki. Huyo si mtu wa zamani sana. Huyo ni jirani yako wa ploti. Na katika sura ya 23 anasema angejua mahali pa kumpata Mungu, angeenda aipange kesi yake mbele zake, ajaze kinywa chake hoja. Yaani angepeleka kihoto!

Mungu alimkasirikia nani mwishoni mwa kitabu? Si Ayubu aliyelalamika usiku. Aliwakasirikia marafiki waliokuja na majibu rahisi kuhusu dhambi iliyofichwa (Ayubu 42:7). Nikisoma hapo siku hizi najiona nimekaa na marafiki wale.

Kwa hiyo ukiamka saa tisa, umesikia viboko wakilia kule ziwani na upepo ukigonga mabati, na goti linawaka, usijaribu kuomba kama unavyoomba Jumapili. Mwambie tu. Katika Zaburi kuna mtu aliyemwambia Mungu kwamba yeye ndiye anayezuia kope zake zisifunge, na Mungu akayahifadhi maneno yake katika Biblia.

"LAKINI ASA JE?"

Kila nikizungumzia hospitali, kuna mpendwa ananiletea 2 Nyakati 16:12. Mfalme Asa aliugua miguu, ugonjwa ukawa mkali, akawatafuta waganga. Kisha akafa. Mpendwa anafunga Biblia, ameshinda.

Hebu tusome sura nzima. Asa alikuwa ameshaanza kumwacha Mungu kabla miguu haijauma. Alitoa fedha ya hekalu kununua msaada wa mfalme wa Shamu. Nabii alipomkemea, alimtia gerezani. Andiko linamlaumu kwa kutomtafuta Bwana katika ugonjwa wake. Kosa si kwamba aliongeza waganga, ni kwamba alimwondoa Mungu. Hezekia je? Yeye aliomba akilia, Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu (2 Wafalme 20). Maombi na dawa, chumba kimoja, nabii akiwepo. Paulo alisafiri na Luka tabibu. Alimwandikia Timotheo atumie divai kidogo kwa sababu ya tumbo lake, hakumwambia aruke.

Hata katika historia yetu sisi wapentekoste: Oral Roberts wa Marekani, aliyejulikana dunia nzima kwa mikutano ya hemani ya kuombea wagonjwa, mwaka wa 1981 alifungua hospitali huko Tulsa, ambapo madaktari na waombaji wangefanya kazi pamoja. Hospitali yenyewe ilifungwa baada ya miaka michache kwa sababu za kifedha. Lakini mhubiri wa uponyaji hakuona aibu kuajiri madaktari.

Mimi bado naamini uponyaji. Matendo 3, yule mtu wa Mlango Mzuri, miguu na vifundo vyake vilitiwa nguvu papo hapo, na Yesu ni yule yule. Lakini kumbuka Yesu alipowaponya wale kumi wenye ukoma, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), ambao ndio walikuwa na kazi ya kukagua. Muujiza wa kweli hauogopi kukaguliwa. Uponyaji ukifika, daktari mwenyewe atakupunguzia dawa.

KWA NINI USIKU

Niliomba muuguzi wa kanisa letu anifundishe kidogo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mchana una kelele, watoto, wateja, bosi. Akili imegawanyika. Usiku maumivu yanabaki peke yake na wewe, kama Yakobo na yule mtu. Pia kiungo kisichosogea kinakakamaa. Na mwili wenyewe una homoni ya kutuliza uvimbe ambayo hushuka usiku, kwa hiyo viungo vyenye uvimbe huuma zaidi kuelekea alfajiri. Halafu kuna deni: asiyelala, kesho yake anahisi maumivu makali zaidi, na maumivu hayo yanamnyima usingizi tena. Riba juu ya riba.

Wengi wetu tunasema ni baridi imeingia kwenye mifupa. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Julai tunaijua. Tena maji ya ziwa yalipopanda mwaka wa 2020, na tena 2025, wengi wenu mlilala kwenye sakafu za watu na nyumba zenye unyevu. Baridi haileti ugonjwa wa viungo, lakini wenye ugonjwa huo wengi huhisi kukakamaa zaidi wakati wa baridi. Kwa hiyo usiseme tu "ni baridi" ukakaa. Magonjwa haya si moja. Kuna viungo kuchakaa, ambapo maumivu huzidi baada ya kazi na kukakamaa kwa asubuhi hupita upesi. Kuna baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe, na asubuhi inachukua muda mrefu kulegea. Hiyo inahitaji kliniki mapema, kwa sababu miezi ina maana. Kuna jongo, ambayo hupenda kuvamia usiku, mara nyingi kidole gumba cha mguu, mpaka shuka likigusa unapiga kelele. Kila moja ina dawa yake.

Basi fanya haya. Jisajili SHA kama hujajisajili, uanze na dispensari. Usiwe mtu wa kununua diklofenaki kila wiki kwa kemisti bila kupimwa, maana zikizoewa zinaweza kuharibu tumbo na figo na kupandisha presha. Kuwa mwangalifu na chupa za "mitishamba" zinazomaliza maumivu kwa siku moja. Nyingine duniani zimekutwa zimechanganywa na steroidi kimyakimya. Na kama umepewa steroidi hospitalini, usiziache ghafla hata nabii akikwambia. Hata mimi nikikwambia.

Jioni, punguza chai ya rangi nzito. Kama kiungo kimekakamaa, kitambaa cha maji ya moto kidogo kinasaidia. Kama kimevimba na kina joto, tumia cha baridi. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Mchana, tembea kidogo hata kama huna hamu, kwa sababu kiungo kisichotumika kinazidi kuwa kigumu. Muulize daktari saa nzuri ya kumeza dawa ili ikufae usiku. Na kama kiungo kimoja kimevimba ghafla, kinawaka, na una homa, au unatumia dawa za maumivu na unaona choo cheusi, usingoje Jumapili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kisha utupigie tukuombee ukiwa huko.

KANISA LINAKUJA KITANDANI

Sasa nazungumza na sisi tulio wazima. Yakobo 5:14 inasema aliye mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Yeye anaita, wao wanakuja. Angalia miguu ya nani inatembea! Sisi tumegeuza andiko: tunamwita mgonjwa apande matatu, aje kesha, asimame saa sita, apige magoti kwenye saruji, na akikosa tunasema amerudi nyuma. Hata Eutiko, kijana mzima, alisinzia Paulo alipohubiri usiku akaanguka kutoka dirishani, na hakuna mahali Paulo anamkemea kwa kukosa imani. Alishuka akamkumbatia.

Kwa hiyo Mchungaji na wazee wamekubaliana mambo haya. Viti vyenye egemeo vitawekwa upande wa kulia, na hakuna atakayeulizwa kwa nini hakusimama wala hakupiga magoti. Asiyeweza kesha asiitwe mvivu. Anayetoa ushuhuda wa kuponywa ugonjwa anaotibiwa, tutafurahi naye, tutamwombea, kisha tutamwomba aende kwa daktari wake kabla hajabadilisha dawa. Na kila ushirika wa nyumbani utakuwa na majina ya wale ambao hawalali, si kwa ajili ya umbea, bali ili mtu afue nguo, abebe maji, apeleke mtoto shule asubuhi baada ya usiku mbaya. Kubebeana mizigo, Wagalatia 6:2, wakati mwingine ni mtungi wa lita ishirini.

Tena kuna jambo moja ambalo mama yetu ndiye alilianzisha. Aliniambia, "Pasta, shida ya saa tisa si maumivu tu. Ni kwamba unadhani ni wewe peke yako uko macho Kihoto nzima." Sasa tuna kundi la simu la wale ambao hawalali. Hakuna mahubiri huko, hakuna kulazimishana. Mtu anaandika tu, "Niko macho." Mwingine anajibu, "Mimi pia." Wanaombeana kwa maneno machache. Mimi niliahidi kuwa zamu mara moja kwa wiki. Wiki ya kwanza mama alinipigia saa tisa na nusu, nikaanza kumwombea, na katikati ya maombi nikalala. Aliningoja. Nilipoamka nikaomba radhi, akacheka, akasema, "Hata Petro alilala Gethsemane. Lala, mwanangu, mimi nitakuombea."

Yeye bado hajapona. Nataka liandikwe hivyo, kwa sababu ndiyo kweli. Dawa zimepunguza uvimbe, analala saa nne tano mfululizo usiku mwingi, vidole viwili vimebaki vimepinda. Amehamishwa kazi nyepesi zaidi. Anakuja ibada na fimbo, anakaa kile kiti cha kulia. Jumapili iliyopita alipoingia akichechemea, jua la saa tatu likiwa mlangoni nyuma yake, nilifikiria Penieli, na nikashindwa kuanza kusema kwa dakika nzima. Sasa mnajua kwa nini.

Dada uliyeinua mkono nusu: uinue wote. Hatutakuambia uruke.

TUOMBE

Bwana, wewe usiyesinzia wala kulala, waangalie watu wako wa Kihoto usiku wa leo. Wale ambao viungo vyao vinawaka, waguse, uwaponye, kwa maana unaweza. Na kama asubuhi itawakuta bado wanachechemea, wasidhani umewapita. Wabariki madaktari na wauguzi wetu, na mikono inayopima dawa. Utusamehe sisi wahubiri tuliowatwika wagonjwa mzigo wa sifa zetu. Tufundishe kusema majina yetu halisi mbele zako. Kwa jina la Yesu, Amina.

Kazi ya wiki: Soma Mwanzo 27:18–24 na 32:22–32 pamoja. Jiulize: ni jina gani la uongo nimekuwa nikija nalo mbele za Mungu? Kisha mtembelee mtu mmoja ambaye hajalala vizuri wiki hii. Usiende mikono mitupu, na usiende na mashtaka.